Alama ya Kumi

Kwa miaka minne aliyonifundisha hesabu, Mwalimu hakuwahi kumpa mtu kumi kwa kumi katika swali la kuthibitisha. Tisa alitoa, na aliitoa kwa furaha, akiizungushia duara la wino mwekundu mara mbili ili uione kutoka mbali. Kumi hakuwa nayo, ama alikuwa ameificha mahali. Wasichana waliotutangulia walituambia hivyo wiki ya kwanza, pamoja na habari za maharagwe yenye wadudu na maji ya kuoga yaliyotoka bombani kama barafu, tukadhani wanatutisha tu kwa sababu sisi ni wageni. Maharagwe yakawa kweli. Maji yakawa kweli. Na ile alama moja niliitafuta kwa zaidi ya miaka ishirini, wala sioni haya kusema ilinisumbua kuliko mambo mengi ambayo watu huyaita ya maana.

Shule yetu ilikuwa upande wa Ruring'u, nje kidogo ya mji wa Nyeri. Asubuhi ukitoka bwenini ungeuona Mlima kwa dakika chache, mweupe kileleni, kisha mawingu yanaufunika na siku inaanza. Mwalimu alikuja kwa miguu. Sweta yake ya kahawia ilikuwa moja tu, ama alikuwa nazo tatu za kufanana. Darasa letu lilijadili jambo hilo kwa muda mrefu bila kupata ushahidi. Mfuko wa kushoto ulikuwa wa chaki, wa kulia wa kalamu nyekundu na leso. Akiwa na haraka aliichomeka leso upande wa chaki, na akipiga chafya baadaye anabaki na pua nyeupe kipindi kizima. Hakuna aliyemwambia. Tulimpenda, lakini si kwa kiasi hicho.

Majina yetu hakuyajua. Alituita kwa mahali tulipokaa: Mlango wa Kwanza, Kona, Ubaoni Kushoto. Mimi nilikuwa Dirisha la Pili, na rafiki yangu aliyekaa nyuma yangu alikuwa Dirisha la Tatu. Muhula mmoja tuliamua kumchezea, tukabadilishana viti darasa zima. Aliingia, akatutazama, akafundisha kama kawaida, kisha akarudisha karatasi za mtihani kwa viti. Kona, ambaye siku hiyo alikuwa amekaa mahali pa msichana hodari kuliko wote, alipokea tisa na kuibusu. Yule hodari alipokea mbili, akaanza kulia. Mwalimu alisema alama ni za kiti, na anayetaka zake arudi alikotoka. Hatukurudia mchezo huo.

Alikuwa na sheria ya mkono. Hakuna kusema kabla ya kuinua mkono na kusubiri hadi aseme, "Ndiyo?" Sheria hiyo haikujali cheo. Naibu wa mwalimu mkuu aliwahi kuingia katikati ya kipindi akiongea juu ya sare na viatu, na Mwalimu akamwomba mkono, kwa upole tu, bila kugeuka kutoka ubaoni. Naibu alisimama pale kidogo akifikiria heshima yake, kisha akauinua. Tulificha nyuso zetu kwenye madawati. Mwalimu mwenyewe hatukuwahi kumwona akiinua mkono kwa mtu. Tulidhani ni kwa sababu hakuwa na la kuuliza.

Kitu alichokipenda zaidi duniani, baada ya mkewe na nduma, ni uwiano. Mjini Nyeri kulikuwa na duka la rangi la mzee mmoja Mhindi ambaye baba yake ndiye aliyelifungua, na huyo mzee na Mwalimu waligombana kwa miaka, ugomvi wa watu wanaongojeana kwa hamu. Mwalimu alitaka kupaka lango lake kijani cha aina fulani. Mzee wa duka alichanganya njano na bluu kwa jicho, kama alivyofunzwa na babake. Mwalimu alikataa kulipa hadi kila kijiko kihesabiwe mbele yake: vijiko vitatu vya njano kwa kimoja cha bluu, mpaka kopo likajaa. Wateja wengine walikuwa wamepanga foleni hadi nje. Mzee alimwuliza kama amekuja kununua rangi ama kumfunza kazi. Mwalimu akajibu kwamba yote mawili, na hatatoza ada.

Rangi ilimwishia kabla ya kumaliza lango. Akarudi kwa kopo dogo, tatu kwa moja vilevile, akamalizia. Jumamosi iliyofuata alitupeleka darasa zima kwa miguu hadi kwake tukaone. Tulisimama barabarani wasichana arobaini, tukitazama lango. Akatuambia tuonyeshe mahali kopo kubwa lilipoishia na dogo likaanza. Tulitafuta. Wengine walipiga magoti. Hakukuwa na alama yoyote, kijani kilikuwa kimoja kuanzia juu hadi chini. Akasema kwa sauti ya mtu aliyeridhika kabisa, "Uwiano sawa ndiyo huo. Kopo kubwa, kopo ndogo, kitu ni moja." Mkewe akatuletea uji. Mpaka leo nikisikia neno uwiano naona lango la kijani na nasikia harufu ya uji wa wimbi.

Sasa hapo ndipo ungemshangaa. Mtu huyuhuyu wa malango na makopo alichukia mifano kwenye karatasi. Ukimwambia jambo ni kweli kwa sababu umelijaribu kwa namba, alikunja uso kama aliyeuma limau. "Kujaribu ni kujaribu," alisema. "Namba ziko nyingi. Hizo zingine umeziuliza?" Msichana wa Kona aliwahi kujibu swali moja kwa kujaribu namba kurasa tatu nzima, mistari juu ya mistari, mkono ukamvimba. Mwalimu aliandika chini: Umechoka. Sasa thibitisha.

Na alikuwa mchoyo wa alama lakini si mchoyo wa chakula. Kila Ijumaa alikuja na nduma zilizochemshwa, zimefungwa kwenye gazeti, na aliwagawia kwanza waliopata sifuri. Alisema aliyepata tisa ameshashiba. Nakumbuka wiki mbili za njaa kali ambapo mimi na Dirisha la Tatu tulifikiria kwa dhati kushindwa mtihani.

Lakini nilianza na ile kumi. Hesabu tulifundishwa kwa Kiingereza, kama ilivyo, na mtihani wa mwisho tungefanya kwa Kiingereza. Hilo alilikubali na alitufundisha vizuri. Ila kwake yeye, uthibitisho ulikuwa na alama tisa za herufi na namba, na alama moja ya sentensi ya mwisho. Sentensi hiyo ilipaswa kuwa kwa lugha ya nyumbani, Kiswahili ama Kikuyu, na iwe sentensi ambayo nyanya yako, cucu wako, akiisikia atasema, "Aa, kumbe." Hiyo ndiyo iliyokuwa alama ya kumi. Miaka yote minne hatukusikia mfano wake hata mmoja. Tulipoomba atuonyeshe yake, alisema siku itafika, akafuta ubao.

Kwa hiyo sote tulifanya kosa moja, kila mtu kwa wakati wake. Tulitafsiri. Tulimaliza herufi zetu, kisha tukaandika mstari wa mwisho uleule kwa Kiswahili, na tukangoja kumi. Yeye aliandika kwa wino mwekundu: Hii ni tafsiri. Sababu iko wapi? Dirisha la Tatu alijaribu kwa Kikuyu, akaanza na salamu kamili za nyanya, habari ya afya yake na ya mbuzi wake. Mwalimu alijibu salamu zote pembeni, akasema mbuzi hawajambo, akampa tisa.

Swali lililonichoma lilikuja kidato cha tatu, na naweza kulisema nikiwa nimefumba macho. Kuna namba nne, zote chanya. Ya kwanza kwa ya pili ni uwiano uleule wa ya tatu kwa ya nne. Ya kwanza ndiyo kubwa kuliko zote. Thibitisha kwamba ya kwanza na ya nne zikijumlishwa huzidi ya pili na ya tatu zikijumlishwa.

Siku hiyo haikuwa ya kawaida. Kulikuwa na mashindano ya hesabu Karatina, shule nyingi, na yetu ilipeleka wasichana watatu. Wawili walikuwa wamejulikana. Nafasi ya tatu ilibaki kati yangu na Dirisha la Tatu, na kabla ya karatasi hiyo alikuwa amenizidi kwa alama moja. Tukilingana, Mwalimu alishasema, ataenda mwenye karatasi bora ya siku hiyo. Nilijua rafiki yangu atapata tisa. Nami nilikuwa na uhakika wa tisa. Nilihitaji kumi.

Nilitaka kwenda Karatina kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Mama yangu aliuza viazi soko la huko, na nilikuwa nimeshamwambia atakaponiona nikishuka na sare, asije na aproni yake yenye udongo, halafu nikaona aibu kwa kusema hivyo, nikamwambia aje nayo.

Niliandika vizuri. Namba nne niliziita a, b, c na d kwa mpangilio wake, na uwiano nikauita k. Basi a ni b mara k, na c ni d mara k. Kwa kuwa a ni kubwa kuliko b, k inazidi moja. Kwa kuwa a ni kubwa kuliko c, na k ni chanya, b inazidi d. Kisha nilitoa jumla moja kutoka nyingine, nikakusanya, nikapata (b − d)(k − 1). Mabano mawili, yote chanya, ukizidisha unapata chanya. Kwa hiyo a + d inazidi b + c. Sijawahi kuandika kitu kisafi kuliko hicho, hata mwandiko ulikuwa umelala vizuri. Mwisho nikaandika sentensi yangu kwa Kiswahili: Kwa hivyo ile kubwa zaidi na ile ndogo zaidi zikikaa pamoja zinashinda zile mbili za katikati.

Alinipa tisa, duara mara mbili. Chini ya sentensi yangu aliandika: Cucu atauliza, kwa nini?

Nilimfuata hadi chumba cha walimu, karatasi mkononi, na nikasahau kuinua mkono. Nilimwambia sababu iko pale, mabano mawili, yote chanya. Nilitegemea ukali lakini uso wake ulikuwa kama wa mtu anayeombwa kitu ambacho hana.

"Mabano yananiambia ni kweli," alisema. "Hayaniambii kwa nini. Nikikupa kumi leo, dirisha ya pili, utaacha kutafuta."

Dirisha la Tatu alikwenda Karatina. Alirudi na cheti na mkebe mpya wa vifaa vya jiometri, na alinipa bikari yake ya zamani, nami niliipokea na kulia chooni. Mama aliniuliza likizoni kwa nini hakuniona. Nikamweleza nyanya yangu pia, nikiwa na nia mbaya kidogo. Nilimketisha, nikamsomea sentensi yangu polepole kwa Kikuyu, nikijua atasema, "Aa, kumbe," na hapo nitakuwa nimemshinda Mwalimu. Nyanya alikuwa anachagua maharagwe. Alinisikiliza hadi mwisho, akatupa jiwe moja uani, akauliza, "Kwa nini?"

Sikumsamehe Mwalimu kwa miaka mingi, na sikuacha kutafuta, kwa hiyo alipata alichotaka. Nilitafuta kwa hasira. Chuoni nilikosomea upishi nilijaza pembe za madaftari ya mapishi kwa a na b. Siku ya harusi yangu, mfungishaji ndoa akiongea, nilijikuta nafikiria ile kubwa na ile ndogo. Mume wangu ananijua, aliniminya kidole.

Sasa nina hoteli Sagana, karibu na njia panda, meza kumi na mbili, na ubao mweusi wa chakula cha siku kando ya mlango. Tunapika chai sufuria mbili. Kubwa ni ya kawaida, ndogo ni ya tangawizi. Zote mbili ni maziwa mara mbili ya maji, kwa sababu watu wa huku wakionja maji kwenye chai wanakwambia usoni. Sufuria kubwa lita kumi za maziwa kwa tano za maji. Ndogo lita nne za maziwa kwa mbili za maji. Nimeyamimina hayo kila asubuhi kwa miaka sita, na sikuona kitu, nakiri.

Mwaka jana nilipata mpishi mpya, mama wa makamo kutoka Wang'uru, mtu wa nguvu na wa kufikiri, aliyezoea kubeba magunia ya mchele na anajua mgongo ukiumia unaumia kwa miaka. Maziwa na maji hupimwa nje, kwenye mitungi minne, kisha hubebwa ndani. Wasichana waliotangulia walibeba mmojammoja. Yeye alisema hiyo ni safari nne bure. Akashika mtungi mkubwa kuliko yote na mdogo kuliko yote mkono wa kulia, na ile miwili ya katikati mkono wa kushoto, akasema hivyo mizigo italingana. Ni jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Akaingia mlangoni ameegemea kulia.

"Mama, hii kitu inanishinda," aliniambia. "Nimegawa sawa. Kubwa na ndogo huku, za katikati huku. Mbona naegemea?"

Nilimwambia kwa mzaha ajaribu kesho kwa vipimo vingine. Kesho yake ilikuwa siku ya soko na tulipika zaidi, sufuria zote mbili, lakini maziwa yalibaki mara mbili ya maji. Akaingia ameegemea kulia. Mimi nilikuwa nimeshika upawa. Nikamwuliza polepole anaonaje, kwa nini inakuwa hivyo kila siku.

Aliweka mitungi chini, akajifuta mikono. "Si maziwa ndiyo inazidi maji kwa zote mbili," alisema. "Sasa kwa sufuria kubwa inazidi na kubwa. Kwa sufuria ndogo inazidi na kidogo. Hiyo kidogo itafikia hiyo kubwa aje?"

Aa, kumbe. Nilisema hivyo kwa sauti, kwa lugha ya nyanya yangu. Nilikaa kwenye kreti ya soda. Mkono wa kulia ulikuwa na maziwa ya sufuria kubwa, yanayoyazidi kwa lita tano maji yake yaliyo mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto ulikuwa na maziwa ya sufuria ndogo, yanayoyazidi kwa lita mbili maji yake yaliyo mkono wa kulia. Ziada mbili, moja kila upande, na uwiano ukiwa mmoja ziada ya sufuria kubwa lazima iwe kubwa. Nilikuwa nimeyaandika hayo nikiwa kidato cha tatu na kuyazidisha na kuyafungia mabano, na sikujua nilichokuwa nikisema. Chai ilichemka ikamwagika jikoni na hakuna aliyeijali.

Nilimpigia Dirisha la Tatu, ambaye siku hizi ni muuguzi Nyeri na humwona Mwalimu kanisani. Nilimwomba amwambie tu kwamba nimepata sentensi. Nilisema nitakwenda kumwona mwezi ujao, kazi ikipungua. Nilikuwa naogopa. Nilijua akisema tisa mara ya pili, nikiwa na umri huu, na watoto wangu wanaonitazama, sitaweza kucheka.

Hakungoja mwezi ujao. Jumanne ya wiki hiyohiyo, saa nne asubuhi, mzee mmoja alisimama mlangoni kwangu amevaa sweta ya kahawia. Nywele zilikuwa zimekwisha na miwani imekuwa mizito. Alitazama chumba, akahesabu madirisha kwa kidole, akaenda akaketi kwenye la pili. Niliposogea kumsalimia, aliitikia salamu haraka, kama kitu kinachochelewesha.

"Nimeambiwa uko na sentensi," alisema.

Nilimtoa nje hadi kwenye mitungi. Mpishi wangu alipima: kumi, tano, nne, mbili. Nilianza kueleza lakini Mwalimu alitaka kubeba mwenyewe. Tulimkatalia, mpishi akamwambia wazi kwamba mzee akianguka hapa ni maneno, naye akajibu kwamba ameshika chaki miaka thelathini na nane, mikono iko sawa. Tukapunguza nusu. Akashika mitungi miwili kulia, miwili kushoto, akasimama katikati ya uwanja wangu kati ya kuku. Akaegemea kulia. Alibaki hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na nikaona mabega yanatikisika, nikadhani mzigo umemzidi. Alikuwa anacheka.

Ndani nilimpa sentensi. Niliisema kwa Kikuyu, kama nilivyotakiwa tangu mwanzo: penye uwiano mmoja, sufuria kubwa ina ziada kubwa na sufuria ndogo ina ziada ndogo, na ndogo haiwezi kuifuta kubwa. Hoteli ilikuwa imejaa, madereva wa malori, akina mama waliotoka soko, na wengine walikuwa wameacha kula wakitutazama. Kisha Mwalimu akainua mkono.

Aliuinua juu kabisa, mkono umenyooka, akangoja. Mimi sikuelewa kwanza. Mpishi ndiye aliyenisukuma.

"Ndiyo, Mwalimu?" nilisema.

"Niko na swali. Kwa karatasi niliandika namba zote ziwe chanya. Kwa hii sufuria yako, hiyo chanya iko wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi lakini si kwa hilo. Nikajisikia mwenye sare tena. Nikatazama sufuria, nikatazama mtungi mdogo tulioingia nao, na jibu lilikuwa pale limekaa.

"Huwezi kupika na maziwa yaliyo chini ya hakuna, Mwalimu. Ukishaweka kitu kwenye sufuria, tayari ni chanya."

Alishusha mkono. Alivua miwani akaifuta kwa leso, na leso ilikuwa na chaki, kwa hiyo aliichafua zaidi. Akaniambia jambo ambalo sikulitarajia maishani. Alisema hiyo sentensi hakuwa nayo. Tangu akiwa kijana chuoni alijua swali hilo ni kweli, aliweza kulithibitisha kwa njia mbili tatu, lakini nyanya yake mwenyewe alimwuliza kwa nini, akakosa la kumjibu, na nyanya akafa hajajibiwa. Kwa hiyo alama ya kumi aliiweka kando, kwa swali hilo na kwa mengine, angojee atakayemwambia.

"Nilikukosesha Karatina," alisema. "Hiyo nisamehe. Lakini ile tisa haikuwa makosa."

Nilimsamehe pale pale, na nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi baada ya kuibeba miaka yote hiyo. Nilimwambia tisa ilikuwa haki. Kisha nikamwambia ukweli uliobaki, kwamba sentensi si yangu peke yangu, ni ya huyu mama hapa aliyegawa mizigo.

Mwalimu alimgeukia mpishi, akamwuliza anakaa wapi. Mpishi alisema yeye hakai, tangu asubuhi amesimama jikoni. Mwalimu alikubali kwa kichwa, akatia mkono mfuko wa kushoto wa sweta, na ndiyo, chaki ilikuwamo. Akaenda kwenye ubao wangu wa chakula. Chini ya githeri na chapati, kwa mwandiko uleule, aliandika: Dirisha ya pili, 10. Nikalia mbele ya wateja na sikujali. Chini yake akaandika: Jikoni, 10. Mpishi wangu alisema hajawahi kupewa kumi na mtu, akauliza kama ataipeleka nyumbani ama itabaki hapo.

Nikadhani amemaliza. Lakini alibaki na chaki mkononi, akafikiri, kisha akaongeza mstari wa tatu: Mwalimu, 9. Akaizungushia duara mara mbili, akarudi kwenye dirisha la pili, na akaagiza chai, ya sufuria kubwa.